Kamba Kumi na Wanne Wazima

Kufika saa mbili na nusu asubuhi kompyuta ilikuwa imeshamkataa mara nne. Mara ya kwanza nenosiri lilikuwa si sahihi. Mara ya pili lilikuwa sahihi ila limepitwa na wakati. Mara ya tatu akatakiwa abofye picha zote zenye taa za barabarani ili kuthibitisha kwamba yeye ni binadamu, akabofya, akaambiwa arudie. Mara ya nne ukurasa ukafunguka vizuri kabisa, ukamjulisha kwamba mradi uliokuwa ukiitunza kanzidata hiyo ulikwisha miaka mitatu iliyopita, na kwamba wenye mradi wanawashukuru wote walioshiriki.

"Mnanishukuru kwa lipi?" alikiuliza kioo. "Mimi nimekuja kufanya kazi."

Walimwita Hadubini. Jina alipewa na kaka yake wakiwa bado shuleni, maana tangu utotoni alikuwa mtu wa kuinama na kuchungulia vitu vidogo, chawa, mbegu, punje za mchanga, mpaka mama yao akahisi mtoto ana kasoro ya macho. Jina likamfuata chuoni, kisha kazini kwenye maabara ya magonjwa ya kamba, na siku hizi hata mkuu wa maabara aliliandika kwenye karatasi ya zamu. Lakini siku hiyo hadubini haikuwa na msaada. Alichotaka ni mtu mmoja tu, popote alipo duniani, aliyewahi kukutana na kirusi kama kile alichokuwa nacho mezani na akaandika kilichowapata kamba wake.

Kirusi chenyewe kilitoka kwa huyo huyo kaka. Alikuwa na mabwawa sita nje kidogo ya mji, yamejipanga kando ya mfereji mmoja wa maji ya chumvi. Siku tatu nyuma mke wake, ambaye ndiye anayelisha, aliinua trei ya chakula kwenye bwawa la pili akakuta nusu imebaki. Kesho yake kikabaki chote, na kamba wachache wakawa wanaelea juujuu kando ya ukuta, wamezubaa. Kaka akaleta kumi maabara ndani ya ndoo ya barafu. Mashine ikasema kirusi cha madoa meupe kimo. Hapo mtu yeyote angesema basi, mwaga klorini, ua bwawa zima, unusuru matano yaliyobaki. Ila Hadubini alipovisoma vinasaba vya kirusi hicho akakuta kipande kirefu hakipo, kimekatika. Na kirusi kilichopungukiwa namna hiyo huenda kimepoteza makali, kinakaa ndani ya kamba kama mpangaji asiye na kelele. Au la. Hilo hulijui kwa kukikodolea macho. Unalijua kwa kutazama wengine waliokikuta, kamba wao walikufa au walipona, na taarifa zote hizo, ukiwauliza wakubwa, ziko mtandaoni bure kwa faida ya kila mtu. Bure ni kweli. Kuzipata sasa.

Na muda haukuwepo. Wafugaji wa mfereji ule hubadilisha maji kwa zamu, kila baada ya siku tano, saa tisa alasiri, na siku hiyo ilikuwa zamu ya kaka. Akifungua lango, maji ya bwawa la pili yanamwagika mferejini, na jirani wa upande wa chini, Mama Pacha, anawasha pampu na kuvuta kutoka mfereji huohuo. Asipofungua, kwa joto la wiki ile, kamba wa bwawa la pili wanakosa hewa kabla jua halijazama. Kwa hiyo ama afungue, ama awaue kwa klorini mchana ule ule, kamba wa miezi minne, waliobakiza wiki mbili wavunwe. Asubuhi alishafunga kitambaa chekundu langoni, alama waliyokubaliana wote pale kwamba kwangu kuna ugonjwa, msivute maji. Sasa alikuwa anasubiri neno la dada yake.

Simu ikalia.

"Hadubini, umefika wapi?"

"Nimekwama kwenye taa za barabarani."

"Si ulisema upo ofisini?"

"Nipo ofisini, kaka. Ni taa za kompyuta."

"Haya. Mimi nina mapipa mawili ya klorini hapa, na wifi yako amenikaba koo. Anasema tumwage sasa hivi, mchelea mwana kulia hulia yeye."

"Mwambie anipe mpaka saa nane."

"Mwambie mwenyewe," kaka akasema, lakini simu hakumpa.

Kanzidata ya pili ilikuwa hai, tena imejaa, ila ilitaka barua rasmi ya taasisi. Hadubini akaenda kwa mkuu wa maabara, mtu mpole asiye na neno na mtu, ambaye watumishi wote walimwita Bwana Utaratibu, na yeye akilijua jina hilo na kulipenda.

"Andika maombi," Bwana Utaratibu akamwambia, "yapite masjala, yaje kwangu, nitayaidhinisha."

"Mkuu, ni ya leo."

"Hata leo masjala wapo."

Akaandika. Masjala wakamwambia mwenye mhuri ametoka kidogo. Kidogo hicho kilikuwa cha dakika hamsini, na mhuri ulipopatikana barua ikatumwa, na jibu likaja papo hapo, tena la heshima sana, kwamba maombi hushughulikiwa ndani ya siku kumi za kazi. Alikuwa amepigwa danadana tangu asubuhi, na sasa shingo ilikuwa imekakamaa na chai yake imepoa bila kuonjwa.

Ya tatu ilikuwa na ramani ya dunia yenye rangi za kupendeza, na katikati ya ramani duara linazunguka. Lilizunguka tu. Akaliacha lizunguke, akapakua faili lenyewe badala ya ramani, na alipolifungua alitamani kulia. Tarehe nyingine zimeanza na mwaka, nyingine na siku. Kwenye nafasi ya aina ya kamba kuna aliyeandika "kamba", kuna aliyeandika "wale wakubwa", na mmoja, Mungu amsamehe, ameandika "tazama daftari". Daftari gani? La nani? Liko kabati lipi, nchi ipi?

"Watu hawa wanajazaje fomu?" alimwambia mama mmoja wa kuosha vioo vya maabara aliyekuwa akipita na beseni. "Mtu umepewa kazi ya kuandika mnyama alikuwa mzima au mgonjwa. Basi. Unaharibu nini hapo? Watu hawa wangepigwa marufuku kugusa kompyuta."

"Wengine huwa wana haraka zao," yule mama akasema.

"Haraka ya kwenda wapi?"

Saa saba kasorobo akapata kanzidata ya nne. Hii ilikuwa imekusanya za wenzake wote, hata ile iliyokufa, na haikumtaka barua wala mhuri. Akabandika vinasaba vyake kwenye kisanduku, akabofya, akakaa mikono mapajani. Dakika kumi na moja. Kisha majibu yakashuka kwenye kioo mstari kwa mstari. Kirusi chenye pengo lile lile, mahali pale pale, kilikuwa kimeshakutwa. Rekodi kumi na nne. Na kwenye safu ya hali ya mnyama, kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho: mzima, hakuna vifo. Mzima, hakuna vifo. Akazihesabu kwa kidole, akarudia kwa kalamu. Kamba kumi na wanne wa kufugwa, wote wamebeba kirusi hicho, wote wazima.

Alicheka peke yake. Tangu siku ya ile ndoo ya barafu hakuwa amecheka. Akampigia kaka hata kabla ya kusogeza kiti.

"Usimwage klorini."

"Una hakika?"

"Kumi na wanne, kaka. Si mmoja wala wawili. Kirusi chako ni butu. Badilisha maji, watapata hewa, watarudi kula."

Nyuma ya kaka alisikika wifi akiuliza kitu. Kaka akacheka, sauti yake imeshalegea. "Wifi yako anasema, hao wako kumi na wanne walikuwa wanakula?"

"Hilo halikuandikwa."

"Anasema kamba mzima anakula."

"Kaka, ni kumi na wanne," Hadubini akasema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alisikia yeye mwenyewe anazungumza kama mtu anayejua.

Ingekuwa mimi ndiye mwandishi wa dunia hii ningeisimamisha hapo, watu wale chakula chao cha mchana. Lakini Bwana Utaratibu alikuwa na desturi yake, na desturi hiyo wote waliisema vibaya korido nzima: hakuna ushauri unaotoka maabara bila taarifa yenye chanzo cha kila rekodi, nani aliituma, lini, kutoka wapi. Hadubini alishatoa ushauri kwa simu, taarifa akaiona ni ya kujaza faili tu. Akala, akajibu barua mbili, na saa tisa na robo ndipo akarudi kwenye zile rekodi, akaenda chini kabisa ya ukurasa, akabofya maelezo zaidi.

Rekodi ya kwanza: kituo cha mafunzo ya ufugaji. Alikijua, alisomea hapo. Akatabasamu. Mwaka: ule aliokuwa mwaka wa mwisho. Tabasamu likabaki hapo bila kazi. Mtumaji: anwani ya barua pepe ya wanafunzi wa chuo, na mbele yake neno moja, hadubini, na tarakimu mbili za mwaka wake wa kuzaliwa.

Akafungua ya pili. Ya tano. Ya kumi na nne. Zote zilitoka kwake.

Ikamjia yote, tena bila huruma. Mwalimu wake alikuwa amempa daftari lililolowa na jedwali la kujaza kwenye kompyuta, lipelekwe mtandaoni kabla ya wikendi. Vinasaba vyenyewe chuo kilivisoma baadaye, yeye ameshahitimu, majibu hakuwahi kuyaona. Kazi yake ilikuwa jedwali tu. Aina ya kamba ilikuwa moja kwa wote, kwa hiyo aliandika mara moja, akaishika kona ya kisanduku kwa kipanya, akaiburuta mpaka chini, neno likajirudia kwenye kila mstari. Mwaka ni mmoja, akaburuta. Kituo ni kimoja, akaburuta. Akafika kwenye safu ya hali ya mnyama. Kamba wa kwanza alikuwa mzima, mzima kweli, alimvua mwenyewe anaruka. Akaandika mzima, hakuna vifo. Na mkono ulikuwa umeshazoea kuburuta.

Wale kumi na watatu wengine aliwaokota ukingoni wamekufa. Alikuwa amejifunga kanga puani kwa harufu, na mwalimu alimkemea kwa sababu alikuwa anatapika karibu na sampuli. Leo alikuwa ameuliza dunia nzima swali, na aliyemjibu ni yeye mwenyewe, msichana wa miaka ishirini na tatu mwenye haraka ya kwenda kula. Nyani haoni kundule, na huyu alikuwa ameshinda asubuhi nzima akiwatukana nyani wa watu.

Simu ya kaka ililia mpaka ikakata. Akapiga tena. Ikakata. Akampigia wifi.

"Wifi, lango limefunguliwa?"

"Tangu saa tisa kamili. Kitambaa ameking'oa kwa mkono wake, akampigia Mama Pacha, akamwambia dada yangu amepima, maji hayana shida. Yuko huko langoni."

"Mwambie afunge. Mwambie Mama Pacha azime pampu. Wifi, nimekosea."

"Umekosea nini?"

"Wale kamba walikufa. Mimi ndiye niliyewaandika wazima. Zamani, nikiwa chuo. Nimewaandika mimi."

Wifi hakumtukana, na Hadubini angependa atukanwe. Alisikia simu ikiwekwa juu ya kitu kigumu na kandambili zikikimbia. Akasubiri huku ameshika meza. Baada ya muda sauti ya kaka ikaja, anahema.

"Nimefunga. Mama Pacha alikuwa ameshavuta nusu saa."

"Kaka, nisamehe."

"Nasikia," kaka akasema, na simu ikakatwa.

Saa iliyobaki kabla ofisi hazijafungwa alitaka angalau kuziondoa zile rekodi, asije mtu mwingine akazisoma. Kanzidata ikamweleza kwamba marekebisho hufanywa na mtumaji tu. Akaandika kwamba mtumaji ni yeye. Ikamjibu kwamba imetuma tarakimu za uthibitisho kwenye anwani ya mtumaji, ile ya chuo. Akapiga simu chuoni. Kijana wa mapokezi akamwambia anwani za wahitimu hufutwa baada ya mwaka mmoja.

"Basi ifufueni kwa dakika tano."

"Haiwezekani, dada. Labda uandike barua."

"Mimi ndiye niliyeandika uongo huu. Nataka kuufuta. Hakuna anayenizuia isipokuwa nyinyi."

"Nakuelewa, dada. Anza na barua."

Aliiandika ile barua kwa nguvu mpaka kitufe kimoja cha kompyuta kikang'oka.

Siku ya nne afisa mifugo alikuja mferejini na kishikwambi chake kwenye mfuko wa plastiki. Mabwawa matano ya kaka, yaliyojazwa maji mapya kutoka mfereji ule ule, yalikuwa yamekufa, na yote mawili ya Mama Pacha. Klorini ilikuwa imeshamwagwa kwenye yote saba, macho yanawasha, na kamba wekundu wamelala ukingoni kwa marundo. Hadubini alikuwepo tangu alfajiri, amevaa buti za wifi, anazoa kwa koleo. Wifi ndiye aliyemkabidhi koleo hilo, na kaka hakuwa amezungumza naye zaidi ya kumwambia wapi amwage. Mama Pacha alisimama upande wake wa mfereji, ameshika kiuno, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini ambaye kila mtu pale alimheshimu.

Afisa alikuwa anauliza na kubofya, anauliza na kubofya. Mabwawa mangapi. Umri wa kamba. Tarehe. Taarifa zenyewe, alisema, zitaingizwa kwenye kanzidata ya taifa, na kutoka hapo zitaonekana popote.

"Hiki kitambaa chekundu kilifungwa asubuhi, kikaondolewa mchana," akasoma. "Kiliondolewa kwa sababu gani?"

Kaka alitazama maji. "Niliona kamba wamechangamka. Nikaamua mwenyewe."

"Uliniambia dada yako kapima," Mama Pacha akasema kutoka ng'ambo.

"Nilikudanganya," kaka akamjibu. "Nilitaka zamu yangu isipite. Hakupima mtu."

Wifi aliinamisha uso. Mama Pacha akamtazama kaka, aliyekuwa jirani yake kwa miaka kumi na mbili, kisha akatema mate pembeni. Na afisa, kazi yake ni hiyo, akaanza kuandika kwa kidole kimoja, akitamka polepole: kamba, walionekana, wachangamfu.

Kaka yake alikuwa amejibebesha mzigo usio wake, mbele ya watu, bila hata kumwangalia, na kumwachia kazi yake. Alikuwa na haki ya kunyamaza na kulia. Lakini aliona kidole cha yule afisa kinavyotembea kwenye kioo. Bwawa lenye kirusi chenye pengo, siku chache kabla ya vifo, kamba wachangamfu. Kuna mtu mahali fulani ataisoma hiyo, ana muda mfupi na watu wake wanamsubiri kwenye simu, naye atafurahi.

"Futa hiyo," akasema.

"Hadubini, nyamaza," kaka akasema.

"Hawakuchangamka. Walikuwa wamegoma kula, muulize wifi, yeye ndiye aliyekuwa akiinua trei. Kitambaa kiliondolewa kwa sababu mimi nilimwambia kirusi hakina madhara. Nilitumia rekodi zenye makosa, na makosa niliyaandika mimi. Andika hivyo."

Afisa akamtazama kaka, akamtazama yeye. "Wewe ni wa wapi?"

"Wa maabara."

"Nikiandika hivi itafika kwa wakubwa wako."

"Ifike."

Kaka alichukua ndoo yake akaondoka kuelekea bwawa la sita, lile pekee lililobaki, na hakugeuka. Afisa alifuta mstari, akaanza tena. Hapo Mama Pacha akavuka ule ubao wa mferejini, taratibu, akaja akasimama mbele ya Hadubini, karibu kabisa.

"Kwa hiyo ni wewe, mwanangu."

"Ni mimi, mama."

"Mimi siku ile pampu nilikuwa nimeizima," Mama Pacha akasema. "Nilishasema leo sivuti. Kaka yako aliponipigia nilimuuliza mara mbili, nani kasema? Akasema ni wewe. Nikaenda nikaiwasha."

Afisa aliuliza cheo cha Hadubini kinaandikwaje, naye akamtajia.